Oili ya Injini ya Chama Inakwenda Wapi?

Chama cha msingi chenye injini hununua vitu viwili kwa ajili yake mwezi baada ya mwezi: dizeli na oili. Dizeli haizui ubishi mkubwa, kwani kila mwanachama anajua kwamba huungua, na kwamba mashine ikifanya kazi nyingi dizeli nyingi itatumika. Oili ni jambo jingine. Injini iliyo nzima huitumia oili kidogo sana; kazi ya oili ni kulainisha vyuma, kupoza, kuchukua uchafu, kisha kurudi chini ilikotoka. Kwa hiyo hati za malipo zinapoonyesha kwamba chama kimenunua lita tano, na lita tano nyingine kabla mwezi haujaisha, swali linalozuka mkutanoni ni moja tu: imekwenda wapi? Aghalabu jibu hutolewa kabla ya uchunguzi. Mwendeshaji wa mashine huambiwa kwamba anaiuza. Mtu mwaminifu aweza kuacha kazi kwa aibu ya shutuma hiyo, na injini ikaendelea kumwaga oili ileile mchangani baada ya yeye kuondoka.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika jambo hili lina uzito wake. Injini ndogo za dizeli ndizo zinazozungusha mashine za kukamua mawese Ujiji na vijijini, ndizo zinazosaga mahindi na muhogo, na ndizo zinazosukuma baadhi ya maboti. Kipuri kinachokosekana Kigoma mjini huenda kikaagizwa Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Na boti iliyotoka Kibirizi kwenda Mwamgongo au Kagunga, injini yake ikikamata kwa kukosa oili katikati ya ziwa wakati upepo umeanza, hasara haiwi ya fedha peke yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya mivujo yaweza kutafutwa na chama chenyewe, katika banda lake chenyewe, kwa spana za kawaida, matambara, mafuta ya taa kidogo na subira. Subira ndiyo inayokosekana mara nyingi. Makosa ya watu wengi ni kuona oili, kunyakua spana, na kukaza nati iliyo karibu na macho.

Njia za kupotea kwa oili si nyingi. Ya kwanza ni kuvuja nje, ikaonekana sakafuni au kwenye mwili wa injini. Ya pili ni kuungua ndani ya silinda kwa sababu ringi za pistoni zimechakaa au vali zimelegea katika njia zake. Hapo moshi utokao huwa na rangi ya samawati, na huonekana zaidi injini inapowashwa asubuhi au inapobebeshwa mzigo. Ya tatu ni kuingia katika maji ya kupozea, yakawa na utando wa mafuta juu yake. Ya nne ni kwamba oili iliyoandikwa kuwa imetiwa haikutiwa. Haki yataka zile tatu za kwanza zichunguzwe kabla ya kuigusa ya nne.

Kazi ya kwanza basi haihitaji spana bali daftari. Daftari la oili liwe na safu tano: tarehe, saa ambazo injini imefanya kazi, kipimo kilichoonekana kwenye kijiti, kiasi kilichoongezwa, na sahihi ya aliyetia. Kipimo kichukuliwe kwa namna moja kila siku, asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi na imekaa sawasawa. Sharti hili si la urasimu. Oili ya injini iliyozimwa sasa hivi bado imetapakaa juu kwenye vyuma, na kijiti kitasema imepungua hali haijapungua. Vivyo hivyo, boti iliyovutwa pwani ikainama nyuma haitatoa kipimo sawa na boti inayoelea. Katibu asiyejua hayo aweza kujikuta na daftari lenye tarakimu nyingi zisizo na maana.

Baada ya majuma mawili tu daftari huanza kusema. Ikiwa oili hupungua kwa kadiri ya saa za kazi, iwe Jumatatu au Jumamosi, awe kazini mwendeshaji huyu au yule, injini ndiyo inayoipoteza. Watu huwa hawaamini kwamba matone machache yaweza kufikia lita, kwa hiyo hesabu yafaa kufanywa hadharani. Tone moja kila sekunde kwa siku ya kazi ya saa nane ni matone 28,800. Yakichukuliwa matone ishirini hadi thelathini kuwa mililita moja, hiyo ni kati ya lita moja kasoro kidogo na lita moja na nusu. Injini ndogo ya silinda moja huchukua lita chache tu za oili tangu mwanzo. Tone hilo moja, basi, likiachwa siku chache bila kuongeza, latosha kuua injini.

Kabla ya kutafuta mvujo wa oili ni vizuri kuhakikisha kwamba kinachovuja ni oili. Swali hili laonekana la kitoto, lakini katika banda la kukamulia mawese sakafu ina mafuta ya kila namna. Mawese yana rangi ya machungwa na huanza kuganda usiku kukiwa na ubaridi. Oili haigandi, na ikishatumika ni nyeusi. Dizeli ni nyepesi, ina harufu kali, nayo huosha uchafu pale inapopita, hata mahali inapovuja huonekana pasafi kuliko jirani zake. Njia rahisi ni kutandaza karatasi nyeupe au boksi lililofunguliwa chini ya injini jioni baada ya kazi, na kuitazama asubuhi. Tone la dizeli hutambaa mbali na kuacha duara pana lililofifia. Tone la oili iliyotumika hukaa na kiini cheusi katikati. Karatasi hiyo ichorwe mstari kuonyesha upande wa flaiwili, ili asubuhi ijulikane tone limeanguka chini ya sehemu gani.

Hata hivyo tone la chini haliwezi kuaminiwa kwa kila kitu. Oili hufuata mteremko, hupita pembeni mwa kava, huteleza kwenye bolti, hupeperushwa na upepo wa flaiwili, ikaja kuanguka mahali ambapo hapana kosa lolote. Nati ya kumwagia oili, kwa kuwa ndiyo iliyo chini kabisa, hulaumiwa kwa mivujo ya injini nzima. Watu huikaza, wakaikaza tena, mpaka meno yake yakafa. Na sasa injini iliyokuwa na mvujo mmoja ina miwili.

Kwa sababu hiyo hapana budi injini isafishwe kwanza. Si kupangusa juu juu, bali kusafishwa mpaka rangi ya chuma ionekane. Injini iwe imezimwa na imepoa. Uchafu mgumu ukwanguliwe kwa kijiti cha mti au kipande cha bati kisicho na makali, kisha isuguliwe kwa brashi iliyochovywa katika mafuta ya taa au dizeli. Petroli isitumike kamwe, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na banda la makuti halina mlango wa pili. Mdomo wa kuingizia hewa ufungwe kwa kitambaa safi, na kitambaa hicho kikumbukwe kuondolewa. Mwishoni sehemu zote zipanguswe zikauke. Chini ya injini iwekwe sinia au debe lililopasuliwa ili uchafu wote ukusanywe. Hautakiwi kuachwa utiririke hadi mtoni wala ziwani.

Injini ikishakauka, sehemu zinazotiliwa shaka zinyunyiziwe poda nyeupe kwa wepesi, kama mtu anayempaka mtoto baada ya kuoga. Penye mashine ya kusaga, vumbi laini la unga wa muhogo hufanya kazi hiyohiyo. Lisifike kwenye mkanda wala kwenye njia ya hewa. Kisha injini iwashwe, iendeshwe bila mzigo kwa dakika kumi, na baadaye ipewe mzigo wa kawaida kwa nusu saa. Mivujo mingi haionekani injini ikiwa baridi. Oili ikipata moto huwa nyepesi na kupenya pale ambapo asubuhi isingepenya. Mtazamaji asimame mbali na mkanda, asivae kanzu wala shuka linaloning'inia, na asinyooshe mkono ndani kabla injini haijasimama kabisa.

Ikisimama, atafute kwa tochi, akianzia juu na kushuka. Kioo kidogo cha kunyolea humwezesha kuona nyuma ya silinda. Mahali pa kuandikwa ni pale pa juu kabisa ambapo poda imelowa. Palipolowa chini yake, kwa kawaida, ni mfereji tu wa pale pa juu. Iwapo ukungu wa oili umetapakaa upande wote ulio karibu na flaiwili, sababu yaelekea kuwa sili ya shafti, kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachoitupa oili kwa duara namna hiyo. Iwapo poda imelowa mahali pengi kwa wakati mmoja, kwenye kava ya vali, kwenye mlango wa ubavuni, kwenye shina la kijiti cha kupimia na kwenye sili pia, basi mafundi wengi hukosea hapa, kwa kuwa huamua kubadili gasketi zote. Gasketi zote haziharibiki siku moja. Penye mivujo mingi ya ghafla, kitu cha kuchunguzwa ni pumzi ya injini.

Injini ya silinda moja, kila pistoni inaposhuka, husukuma hewa iliyo chini yake ndani ya sampu, ambalo ndilo bakuli la oili. Pistoni ikipanda, hewa hiyo hupungua. Hili hutendeka mamia ya mara kwa dakika. Ndiyo maana watengenezaji huweka tundu la kupumulia, na katika injini nyingi tundu hilo lina kilimi au vali ndogo inayoruhusu hewa kutoka na kuizuia isirudi. Injini za zamani za Lister za silinda moja zilizotengenezwa Dursley, Uingereza, zina kipumulio cha namna hiyo kwenye mlango wa ubavuni. Nazo aina nyingi za injini ndogo za Kichina zina kipumulio juu, kwenye kava ya vali. Kilimi kikifanya kazi vizuri, hewa ndani ya sampu huwa hafifu kuliko ya nje, na oili badala ya kusukumwa nje huvutwa ndani. Injini yenye gasketi kuukuu inaweza kukaa kavu kwa sababu hiyo tu.

Sasa tundu hilo likizibwa na mchanganyiko wa oili na vumbi la pumba, au kilimi kikipinda, au mtu akakitoa kwa kudhani hakina kazi, msukumo hujaa ndani na oili hutafuta njia yoyote ya kutokea. Katika mabanda ya kusagia nafaka jambo hili ni la kawaida kabisa, kwani unga umo hewani mchana kutwa. Chama hununua gasketi, hununua sili, humlipa makanika, na baada ya siku tatu oili inachuruzika tena mahali palepale. Tiba yake ilikuwa kufungua kipumulio, kukiosha kwa mafuta ya taa, kukausha, kuhakikisha kilimi kinalala sawasawa, na kukirudisha kwa upande uleule kilivyokuwa. Hakuna gharama isipokuwa mafuta ya taa.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni kujaza oili kupita kiasi. Waendeshaji wengine, kwa nia njema, hutia oili mpaka juu ya alama ya mwisho ya kijiti wakidhani wanaipa injini akiba. Shafti ya krenki hapo huipiga oili kama mtu anayekoroga uji, ikawa povu, na povu hilo husukumwa nje kwenye kipumulio na kwenye sili. Alama ya juu ya kijiti ni mpaka.

Pumzi ikishasafishwa, na kiasi kikishasahihishwa, injini iangaliwe tena. Kama bado hewa ya moshi inatoka kwa nguvu kwenye mdomo wa kutilia oili kila pistoni inaposhuka, hata mfuniko uliowekwa juu bila kufungwa ukarukaruka, basi moto wa silinda unapita kando ya ringi na kushuka kwenye sampu. Huo si ugonjwa wa gasketi. Ni dalili ya ringi au silinda iliyochakaa, na kamati yafaa kuanza kutenga fedha za matengenezo makubwa kuliko kuendelea kununua sili. Hapa ndipo kazi ya banda la chama inapokoma na ya makanika aliyebobea inapoanza. Kadhalika gasketi ya silinda hedi isifunguliwe na asiyeijua, kwani nati zake hukazwa kwa mpango na kwa kipimo maalumu cha nguvu.

Mivujo iliyobaki ni ya kawaida na yaweza kutengenezwa. Kava ya bati iliyopinda kwa kukazwa mno haitazibika kwa gasketi mpya. Itolewe, ilazwe juu ya kitu bapa kama kioo cha dirisha, ionekane inainuka wapi, kisha igongwe taratibu kwa nyundo ndogo hadi ilale. Gasketi ya kava kama hiyo yaweza kukatwa kwa karatasi ya gasketi inayouzwa kwa mita madukani: karatasi hulazwa juu ya mdomo wa chuma na kugongwagongwa pembeni kwa nyundo mpaka umbo lijichore lenyewe. Mabaki ya gasketi ya zamani yakwanguliwe yote, kwa uangalifu, kwa kuwa mkwaruzo mmoja wa bisibisi juu ya aluminiamu ni mfereji mpya wa oili. Nati zikazwe kwa zamu, ya kwanza kisha ile inayoikabili, kidogo kidogo, wala zisimalizwe upande mmoja kabla ya mwingine.

Gamu ya silikoni imekuwa dawa ya kila kitu siku hizi. Ina mahali pake, lakini mtu anayeipaka kwa wingi husahau kwamba nusu yake hubanwa kuelekea ndani. Vipande vyake vikikauka hukatika, huanguka kwenye sampu, na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini iliyokuwa ikipoteza matone hufa kwa kiu huku sampu imejaa. Mstari mwembamba kama uzi watosha, na penye gasketi ya karatasi nzima hauhitajiki.

Nati ya kumwagia oili huziba kwa washa ya shaba. Washa hiyo ikitumika mara kadhaa huwa ngumu na haikubali tena kubanwa. Si lazima kununua mpya: ishikwe kwa koleo juu ya moto wa mkaa mpaka iive nyekundu, kisha iachwe ipoe au itumbukizwe majini, shaba hulainika kwa njia zote mbili. Ipanguswe masizi na kurudishwa. Wazee waliokuwa wakifua shaba walijua jambo hili kabla ya injini kufika Ujiji.

Sili ya shafti hutaka mkono mtulivu zaidi. Ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoikumbatia shafti, na mdomo huo sharti uelekee ndani, upande wa oili. Ikitolewa, shafti ipapaswe kwa ukucha pale ambapo sili ilikuwa ikigusa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya ikirudishwa palepale itavuja kama ya zamani; ikiwa nafasi inaruhusu, iingizwe ndani zaidi kidogo au nje kidogo, ili mdomo upate chuma kisicholika. Ipakwe oili kabla ya kuingizwa, na isukumwe kwa kipande cha mti kinachoigusa pande zote kwa pamoja. Tena, iulizwe kwa nini iliharibika. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuta shafti upande mmoja, ukala bushi, na sili haiwezi kukaa kwenye shafti inayotikisika. Mkanda ukilegezwa kidogo, sili mpya huishi.

Kwenye maboti kuna mambo mawili ya ziada. La kwanza ni kwamba oili iliyovuja haionekani sakafuni, bali huchanganyika na maji yaliyo chini ya mbao za boti, na maji hayo hukumbwa kwa kopo na kumwagwa ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia karibu mita 1,470, lakini ukubwa wake usiwadanganye watu. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa kugeuka mvuke, na kiasi kidogo tu hutoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo. Kwa hiyo kilichomwagwa humo hakina njia ya haraka ya kuondoka. Ndimo wanamovuliwa dagaa na migebuka, na ndimo wanamochota maji ya kunywa wakazi wa vijiji vingi vya ufukweni. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa hili mwaka 2003. Sinia la bati chini ya injini, lenye ukingo wa vidole vinne, huzuia oili isiguse maji na pia humwonyesha nahodha kila jioni injini imepoteza kiasi gani.

La pili lahusu injini zinazofungwa nyuma ya boti. Nyingi za aina ya zamani huchanganya oili katika petroli na kuiunguza, kwa hiyo hazina sampu ya kuvuja. Lakini mguu wao una gia zilizomo katika oili yake, na hapo ndipo ugonjwa wa wavuvi ulipo. Uzi wa wavu au mshipi uliokatika hujisokota kwenye shafti nyuma ya pangaboi, ukajikaza, ukasaga sili polepole. Oili hutoka na maji huingia. Nahodha huona utando wenye rangi za upinde wa mvua nyuma ya boti, au haoni kitu mpaka gia zinaposagika. Kipimo chake ni chepesi. Boti ikiwa imelala usiku kucha, injini ikiwa wima, skrubu ya chini ya mguu ilegezwe kidogo asubuhi. Maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini. Yakitoka maji kwanza, au oili ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imekwisha. Pangaboi lifunguliwe mara kwa mara na nyuzi ziondolewe hata kama hakuna dalili yoyote.

Uwezo wa mafuta kulinda chuma dhidi ya maji una ushahidi wake Kigoma penyewe. Mwezi Julai 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mafundi wake walizipaka mashine grisi nene kabla ya kuizamisha, wakitumaini kuirudia. Waingereza ndio walioiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Oili chakavu inayokusanywa ina hatari moja ambayo katibu hana budi kuisimamia mwenyewe. Mkoani Kigoma mawese husafirishwa katika madumu ya lita ishirini, na dumu lililowahi kutiwa oili chakavu haliwezi kusafishwa likafaa kwa chakula, hata likioshwa kwa maji ya moto na sabuni. Madumu ya oili yatobolewe mshikio au yapakwe rangi nyekundu shingoni, yawekwe chumba kingine, na yahesabiwe. Mwanachama mmoja akinunua mawese yenye oili ya injini, jina litakaloharibika ni la chama kizima.

Matengenezo yakikamilika, daftari liendelee kuandikwa kama mwanzo. Nati za kava zikaguliwe tena baada ya saa kumi za kazi, kwa kuwa gasketi mpya hulala kidogo ikipata moto, na ziguswe kwa spana kwa nguvu ya mkono mmoja tu. Karatasi nyeupe itandazwe tena usiku. Ikiwa asubuhi ni kavu, moshi ni safi, maji ya kupozea hayana utando, na kijiti kinaonyesha kiwango kilekile siku hadi siku, huku bohari ikiendelea kutoa oili kama zamani, hapo ndipo kamati inapokuwa na sababu ya kumwita mtunza bohari na mwendeshaji, kuwawekea daftari mezani, na kuuliza. Na ikiwa manunuzi yamepungua, ukurasa wa daftari usomwe katika mkutano uleule ambamo mwendeshaji alishutumiwa, na maneno hayo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.